Jikoni Kumejaa, Kunywa Maji Kwanza

1.

          Pole sana, ndugu mwimbaji.
          Jikoni kumejaa.
          Kunywa maji kwanza, kisha bonyeza tena.

2.

Mistari hiyo mitatu iliandikwa na mume wangu, Ambakisye. Tovuti nyingine zikizidiwa na watu hutoa namba na maneno ya Kiingereza. Yeye alisema mtu aliyekwisha kukasirika asipewe tena hesabu.

Mabesi wa kwaya yetu waliipokea kama amri. Tovuti ya nota ikianguka katikati ya mazoezi, wanasimama wote, wanakwenda kwenye ndoo ya ukumbini, wanakunywa, wanafuta midomo, wanarudi kubonyeza. Sauti ya kwanza huwazomea: ninyi mnapenda maji kuliko kuimba.

Mwaka jana, siku ya kutangazwa wimbo wa mashindano, ndoo iliisha.

3.

UMOJA WA KWAYA ZA MILIMANI
OFISI YA MWENYEKITI

YAH: KUANGUKA KWA TOVUTI YA NOTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wanakwaya wote wanafahamishwa kuwa wimbo wa mashindano utatangazwa Jumapili ijayo, mara baada ya ibada, na nota pamoja na sauti za mafunzo zitapatikana katika tovuti kama kawaida.

Itakumbukwa kuwa siku kama hiyo mwaka jana tovuti ilianguka mchana kutwa, na kwaya moja ya bondeni ilijifunza wimbo usio wenyewe, ikauimba vizuri sana.

Iwapo tovuti itaanguka tena, Kamati itahamishia nota kwa kampuni ya mjini. Sauti za mafunzo hazitahamishwa, kwa kuwa ni nzito. Mtambo unaoendesha tovuti, ambao ni mali ya Umoja, utarejeshwa ofisini na kuzimwa.

Natanguliza shukrani.

Mwl. A. Mwakifuna
MWENYEKITI

(Chini yake, kwa kalamu: Mama Tusekile, usinichukie. Nilibishana nao mpaka chai ikapoa.)

4.

MTAMBO UNASEMA:

Nakaa stoo, juu ya kreti la soda, karibu na mahindi ya mbegu. Niliwekwa hapa kwa sababu napenda baridi. Jirani, Subilaga, husema Tukuyu nzima ni friji, ningeweza kuwekwa hata kitandani.

Waya mmoja unaniletea umeme. Mwingine unaniletea watu.

Ndani yangu kuna ghala. Ndani ya ghala kuna nyimbo, na kila wimbo una sauti nne, zimerekodiwa mojamoja, ili mtu aliye mbali, asiye na mwalimu, ajifunze sehemu yake akiwa anapalilia. Sauti ya kwanza ni Subilaga. Ya pili ni Tusekile. Ya tatu ni mtu wa kuazima.

Besi ni yeye.

Kila kabla ya kuanza anasema: "Haya, mabesi. Pumueni." Halafu anapumua yeye mwenyewe, kwa sauti, kama ng'ombe aliyefika mtoni.

Mimi sijui kufiwa. Najua kwamba kitambaa kinachonipangusa vumbi ni kilekile, na mkono umebadilika.

5.

Wewe unayesoma utaniuliza mimi, Tusekile: kwani huwezi kuzinakili sauti zake kwenye simu?

Ninazo kwenye simu.

Kwenye simu namsikiliza mimi. Kwenye mtambo bado anafundisha.

6.

SIMU

Lusajo ni mdogo wake Ambakisye. Anaishi Dodoma, kazi yake ni kutunza mitambo ya watu. Anaongea upesi, kama mtu anayemaliza muda wa maongezi wa mwenzake.

— Shemeji! Baridi inasemaje huko?

— Inakuulizia. Inasema umeikimbia.

— Iambie nina koti moja tu. Haya, tuingie kazini. Tovuti inaanguka kwa nini?

— Watu ni wengi.

— Watu si wengi, shemeji. Wanakwaya mia sita ni watu wa kuangusha mtambo? Tatizo ni kwamba kila anayekuja anafunguliwa muunganisho wake mwenyewe mpaka ghalani. Akija mwingine, mwingine mpya. Na kila muunganisho unakula kumbukumbu ya mtambo, hata kama mwenyewe amekaa tu.

— Basi tuongeze idadi inayoruhusiwa.

Kikasikika kicheko kidogo cha kubanwa.

— Kaka aliongeza.

— Lini?

— Mwaka jana, asubuhi ya siku ile. Aliandika waingie mia tano. Walipokaribia mia mbili, mtambo ukazirai.

— Kumbe ni yeye aliyeuangusha!

— Aliniambia: Lusajo, usimwambie Tusekile, atanicheka mpaka Krismasi.

Nilicheka. Nilicheka nimeegemea mlango wa stoo, simu sikioni, mpaka Subilaga akatokea kwenye ua wa migomba kuuliza kulikoni. Krismasi ilikwisha kupita. Nikacheka yake na ya mwaka huu kwa pamoja.

7.

— Na dawa yake?

— Dawa yake Wazungu wanaiita bwawa.

— Bwawa.

— Bwawa la miunganisho.

— Lusajo. Hapa mvua haijakatika tangu Novemba. Unataka nichimbe na bwawa stoo?

8.

Hivi ndivyo nilivyoelewa, naandika nisije nikasahau:

Kuna programu ndogo. Inakaa katikati, kati ya tovuti na ghala. Yenyewe inafungua miunganisho michache tu, ishirini, na kuiweka tayari. Tovuti haibishi hodi ghalani tena; inabisha kwa huyu wa katikati. Huyu anatoa muunganisho mmoja, unatumika, unarudi, anapewa anayefuata.

Ikiwa yote ishirini imo mikononi mwa watu, mgeni anasubiri kidogo.

Anasubiri.

Hafukuzwi.

9.

SAHANI INASEMA:

Mimi ni sahani ya kikundi cha akina mama cha mtaa huu. Mgongoni nina alama ya rangi ya kucha, nyekundu, ili nisichukuliwe shughulini nikaamkia nyumba ya mtu. Tuko sitini. Harusini tunakwenda, ubatizoni tunakwenda, tukirudi tunahesabiwa.

Kwenye msiba wa Ambakisye tulikuwepo. Zilikuja kwaya kutoka kila kilima. Hakuna aliyejua wamefika wangapi. Vyungu vilipanda motoni, vikashuka, vikapanda. Subilaga alikuwa kwenye beseni, mikono imevimba kwa maji ya moto. Natoka mkononi mwa mtu, naingia kwenye beseni, nafutwa, narudi kwenye sufuria ya wali. Yule hajameza vizuri, mimi niko tayari kwa mwenzake.

Sitini.

Tulitosha.

10.

Jumanne, saa za mchana, nikisomewa kwa simu:

— Andika, nukta pacha.

— Nimeandika.

— Hapana, umeandika nukta mkato.

— Umejuaje?

— Kimya chako, shemeji. Kimechongoka.

— Nimerekebisha.

— Sasa mstari wa idadi. Ishirini.

— Ishirini.

— Sasa faili la tovuti yenyewe. Pale palipoandikwa namba ya mlango wa ghala, futa, weka namba ya mlango wa huyu wa katikati. Ukikosea hapo tovuti itakuwa inabisha nyumba isiyo na mtu.

— Nimeweka.

— Soma.

Nikasoma. Shuleni niliishia kidato cha nne, na Kiingereza cha faili lile hakikuwa cha kidato chochote. Nilikisoma herufi moja moja, kama majina ya wageni kwenye sherehe.

— Hifadhi. Anzisha upya.

Taa ya mtambo ikazima.

 

 

 

Ikawaka.

11.

Nikafungua tovuti kujaribu. Ikafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nikachagua wimbo wowote, sehemu ya besi. Chini kabisa ya ukurasa kuna mstari ambao Ambakisye aliuweka kwa kujifurahisha; unaonyesha ni wangapi wanajifunza muda huo. Huwa unasema: *Sasa hivi unaimba na watu kumi na wawili.* Au saba. Au mmoja. Alipenda kuutazama akinywa chai. "Ona, Tusekile, wako tisa! Nani hao wanaoimba saa ya kukama maziwa?"

Siku hiyo ulisema kitu ambacho sikuwahi kukiona. Sikuwahi, kwa sababu kila nilipofungua ukurasa ule, yeye alikuwa ameufungua chumba cha pili, anajaribu jambo.

          Sasa hivi unaimba peke yako.
          Usiogope.

12.

Nilikwenda kuchuma majani ya maboga.

13.

UJUMBE KATIKA KUNDI LA SIMU LA KWAYA

SUBILAGA: Kesho Alhamisi mazoezini KILA MTU aje na simu yenye chaji. Tunaujaribu mtambo wa Tusekile kabla ya Jumapili. Wote mtabonyeza kwa mpigo.

MZEE GWAKISA, BESI (kwa simu ya mjukuu): Na sisi wenye simu za tochi?

SUBILAGA: Ninyi mtamulika.

MZEE GWAKISA, BESI: Chakula kipo?

SUBILAGA: Wali na maharage. Lakini kuimba kwanza baba.

MZEE GWAKISA, BESI: Nauliza tu kwa niaba ya mabesi.

14.

YALIYOSIKIKA UKUMBINI, ALHAMISI

"Moja, mbili, tatu, bonyeza!"

"Mimi nimeingia."

"Nimeingia!"

"Mimi inazunguka."

"Yangu inazunguka pia. Inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba."

"Toeni vidole, labda mnaminya mno."

"Inasema naimba na watu kumi na tisa."

"Hata yangu. Kumi na tisa, na mimi ishirini."

"Na yangu ishirini, haipandi."

"Sisi huku nyuma hatuimbi na mtu."

"Mmechelewa. Nyuma ni nyuma tu, hata mbinguni."

"Tulieni. Tusekile, mama, tufanyeje?"

"Subirini kidogo, itafika zamu."

"Tunasubiri."

"Tuna—"

          Pole sana, ndugu mwimbaji.
          Jikoni kumejaa.
          Kunywa maji kwanza, kisha bonyeza tena.

Hakuna aliyebonyeza tena. Maana wengi walikuwa hawajayaona maneno yale tangu tumzike.

Halafu Mzee Gwakisa, aliyesimama karibu na Ambakisye kwa miaka mingi hata wakafanana mikohozi, akaweka simu yake juu ya benchi. Akasema: "Mwenyewe amesema."

Akaenda kwenye ndoo.

Mabesi wote wakamfuata.

Kisha, na hili halijawahi kutokea katika kwaya yetu, sauti ya kwanza nao wakasimama.

15.

Mimi sikunywa. Nilibaki na simu yangu, nikitazama ile ishirini. Siku tatu zilibaki. Nilikuwa nimeweka bwawa, nimeandika nukta pacha, nimefanya kila nilichosomewa, na jiko lilikuwa limejaa vilevile. Akilini niliuona mtambo umebebwa kwa mkono mmoja kupelekwa ofisini, kreti la soda limebaki tupu, na

16.

"Mzee Gwakisa! Sahani!"

Ni Subilaga, yuko kwenye beseni mlangoni mwa ukumbi, mikono imeingia kwenye povu hadi kiwikoni. Chakula kimeanza kugawiwa. Wanaokula wako ndani; wanaongoja wamesimama nje ukutani, wamekumbatia njaa zao. Huku kwetu aliyemaliza huirudisha sahani upesi, mwenzake apakuliwe. Na Mzee Gwakisa, ambaye kwa heshima ya umri wake amepakuliwa mwanzo, amekwisha kumaliza. Sahani iko magotini, nyeupe, haina hata punje, na yeye anasimulia habari za ng'ombe wa shemeji yake.

"Naja, mama, namalizia."

"Unamalizia nini? Wali umekwisha!"

"Namalizia hadithi."

"Hadithi isimulie mikono mitupu! Watu wanne wangekuwa wamekula kwa muda ulioishika. Kuwepo uwepo, hatukufukuzi. Sahani lete!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Subilaga akamwendea, akaichukua sahani kutoka magotini mwake, akaichovya, akaifuta, akampa mtu wa nje. Mzee Gwakisa akaendelea na ng'ombe wake pale alipoachia, wala hakupungukiwa na kitu.

Nikasimama.

Nikatoka nje, penye mtandao.

17.

SIMU

— Lusajo, nina swali la kijinga.

— Uliza, shemeji.

— Mtu akipewa muunganisho, anaurudisha lini?

— Akiondoka.

— Na kama haondoki? Ukurasa wa kaka yako una ule mstari wa kuhesabu waimbaji. Ukurasa ukiwa wazi, mstari unauliza ghala kila mara: wako wangapi, wako wangapi. Watu wanaacha simu mezani, ukurasa wazi, wimbo mzima. Wameshapata nota. Wameshakula. Lakini sahani iko magotini.

— Aliweka kitu cha kuhesabu watu?

— Alikuwa akikitazama na chai.

— Kaka! Kaka huyu! Mimi nilidhani ukurasa unachukua nota unaondoka. Sikujua anawakalisha wageni apate kuwahesabu.

— Kuna namna ya kuchukua sahani mtu akimaliza tonge, bila kungoja aondoke?

— Ipo. Shemeji, ni neno moja. Fungua lile faili.

— Niko ukumbini.

— Uko mbali na nyumbani?

— Ninaona moshi wa jiko langu.

— Kimbia.

18.

Nilikimbia. Mtu wa rika langu akikimbia mchana, na gauni la mazoezi, watu hutoka majumbani. "Kuna nini, mama?" "Neno moja!" nilijibu. Sijui walielewa nini. Mmoja alinifuata na panga.

19.

Neno la kwanza, nililolifuta, maana yake ni: *mgeni akae na sahani mpaka aage.*

Neno la pili, nililoliandika, maana yake ni: *mgeni akae na sahani mpaka ameze.*

Idadi haikuongezeka. Ishirini ilibaki ishirini.

20.

ishirini
       kumi na nane, zinaoshwa mbili
  ishirini
            kumi na tisa
    ishirini
kumi na tano! nani amezirudisha kwa kasi hivi
        ishirini
              chukua     lete     chukua
   lete

21.

YALIYOSIKIKA UKUMBINI, ALHAMISI, BAADA YA WALI

"Tayari? Tusekile amepiga simu, anasema bonyezeni."

"Nimeingia."

"Nimeingia!"

"Nyuma tumeingia! Jamani, nyuma tumeingia!"

"Naimba na watu thelathini na wanane."

"Arobaini. Inapanda."

"Arobaini na mbili, na mimi nina simu mbili."

"Acha wizi."

"Mzee Gwakisa, mbona umesimama?"

"Nangoja ianguke."

"Haianguki, baba. Keti."

"Haianguki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kidogo tu?"

Hakuketi. Alitazama ndoo, akatazama simu ya jirani yake, akatazama ndoo.

"Basi," akasema, "hatutamwona tena."

22.

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Lusajo naye aliuliza siku ya pili: yale maneno ya jikoni tuyaondoe, shemeji? Hayana kazi tena, ni uchafu ndani ya faili.

Nilimwambia yaache. Jiko lolote hujaa siku moja.

"Wewe unataka ianguke au isianguke?"

"Isianguke."

"Ila?"

"Hakuna ila. Isianguke."

23.

Jumapili.

24.

FOLENI INASEMA:

Watu hawanipendi. Wakiniona wanavuta midomo. Lakini nisikilizeni: mimi ndiye niliyesimama kati ya mlango kufungwa na mlango kufunguliwa. Bila mimi wangegongana, wangeangusha nyumba.

Mwenyekiti alipanda mimbarini na karatasi. Alisafisha koo. Wimbo wa mwaka huu, akasema, ni *Umande wa Milimani*, na kabla hajafika kwenye "ni" ya pili nilisikia hodi za kwanza. Hodi kutoka ukumbini. Hodi kutoka kwaya za ziwani, za mashamba ya chai, za bondeni kule walikojifunza wimbo usio wenyewe. Hodi hodi hodi hodi hodi.

Nikawapanga.

Wa kwanza kungoja alingoja kwa kitambo cha kupepesa jicho. Wa mwisho alingoja kitambo cha kupepesa mara mbili.

Hakuna aliyejua kwamba nilikuwepo.

Foleni nzuri ni hiyo.

25.

          Sasa hivi unaimba na watu tisini.
          Sasa hivi unaimba na watu mia mbili na sita.
          Sasa hivi unaimba na watu mia tatu arobaini.
          Sasa hivi unaimba na

Nilikuwa stoo, nimekaa juu ya gunia, mkono juu ya mtambo. Ulikuwa na joto kidogo, kama paji la uso la mtoto anayecheza. Hauna homa. Anacheza tu.

Subilaga aliingia bila hodi. "Wako wangapi?"

"Mia tano na kitu."

"Na mtambo?"

"Uguse."

Akaugusa. Akakaa kwenye gunia la pili. Tukakaa hivyo, wajane wawili, yeye wa zamani na mimi mgeni, tunatazama taa ya kijani inavyopepesa.

"Ndaga, Ambakisye," akasema, kwa Kinyakyusa chetu cha kushukuru. Halafu akasema: "Ila hiyo sauti ya tatu mliyoazima, ibadilisheni. Inanitia aibu."

26.

Kutoka ukumbini, kwa simu ya mtu, picha moja ilitumwa kwenye kundi. Inaonyesha mabesi wote wamesimama kwenye mstari mbele ya ndoo, vikombe juu. Tovuti ilikuwa haijaanguka. Chini Mzee Gwakisa aliandika, au aliandikiwa: *Haijaanguka lakini tumekunywa. Mtu asije akasema mabesi ni wasahaulifu.*

27.

UMOJA WA KWAYA ZA MILIMANI
OFISI YA MWENYEKITI

YAH: HALI YA TOVUTI

Kamati imepokea taarifa kuwa tovuti haikuanguka siku ya Jumapili. Baadhi ya wajumbe wameshauri isubiriwe hadi siku ya kutolewa ratiba, ambapo watumiaji ni wengi zaidi. Wajumbe wengine wameshauri wajumbe hao wanyamaze. Mtambo utaendelea kukaa ulipo mpaka Kamati itakapoketi tena.

Tarehe ya kuketi itatangazwa.

Mwl. A. Mwakifuna
MWENYEKITI

(Kwa kalamu: Mama, nauliza tu. Hiyo besi, mtu akitaka kuisikiliza bila kuwa mwanakwaya, inaruhusiwa?)

28.

Jioni ya Jumapili ile ile, jua bado liko kwenye ncha za migomba. Watu wamerudi kwenye mifugo na vyungu vyao. Nimekaa kwenye kizingiti cha stoo na simu. Sehemu ya besi. Mstari wa chini unashuka.

          Sasa hivi unaimba na watu arobaini.

          Sasa hivi unaimba na watu kumi na mmoja.

          Sasa hivi unaimba na watu watatu.

 

          Sasa hivi unaimba na mtu mmoja.

29.

Sijui ni nani. Labda ni Mwenyekiti, amejifungia ofisini asionekane. Labda ni Lusajo, na koti lake moja. Labda ni mtu wa bondeni anayehakikisha kwamba safari hii wimbo ni wenyewe. Mtambo unajua kuhesabu, haujui majina, na mimi sikuuliza.

Nilitaka kufunga nikapike. Kidole kikasimama.

Nikifunga, yeye ataandikiwa yale maneno mengine, ya peke yako. Ninayajua. Niliyasoma Jumanne.

Zamani ningesema niondoke, nisishike sahani ya mtu. Sasa sahani imekwisha kurudi kwenye kabati. Ninayekaa hapa nimekaa na mikono mitupu, simzuii mtu, hadithi naweza kusimulia mpaka giza liingie. Na huyo mwingine, popote alipo, naye hafungi.

Labda ananingoja mimi nifunge kwanza.

Labda naye anayajua yale maneno.

30.

Wewe unayesoma, kama ni wewe

31.

          Haya, mabesi. Pumueni.

          (anapumua, kisha anaimba)

          d : –  |  s, : –  |  d : d  |  f, : s,  |